Kamera Iliyokosa Mpira

Wivu hauna adabu. Hauulizi kama uko kazini, wala haujali kwamba baba yako yuko chini pale anakutegemea. Ulimkuta Marit Brekke juu ya paa la kibanda cha mtangazaji, upepo wa Novemba ukimchapa masikio, jicho lake likiwa kwenye kamera ya timu, ukamkaba hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuielezea: mpira ulipo, kamera ipo. Kila mechi ya Korongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Solheim, ni yeye aliyeirekodi, na kila Jumapili baada ya ibada timu nzima ilikusanyika chumba cha chini kutazama ilivyopigwa. Na mwaka ule walipigwa na kila mtu. Walipigwa na wakubwa, wakapigwa na wadogo, wakapigwa hata na chuo kimoja cha watoto wa wachungaji, waliowaombea kwanza ndipo wakawatandika. Msimu ulikuwa unakwisha na hakuna Korongo hata mmoja aliyekuwa amevuka mstari wa mwisho na mpira mkononi.

Jumamosi hiyo nayo haikuonyesha dalili ya kuwa tofauti. Wageni walikuwa mbele kwa pointi arobaini na moja. Bendi ya chuo ilishaacha kupiga, midomo imeganda. Washambuliaji wa Solheim walikuwa uwanjani wakihangaika, na walinzi, wanaopokezana nao, walikuwa benchi wakitweta. Kwenye benchi hiyo alikaa Efrain Saldana.

Marit alimpenda Efrain kwa siri tangu Machi. Mbele za watu walisalimiana kama watu wanaodaiana, kwa sababu Kocha Brekke, baba yake Marit, alikuwa na sheria moja nyumbani kwake ambayo haikuandikwa popote na wote waliijua. Basi mapenzi yao yakaishi kwenye maktaba, nyuma ya rafu za vitabu visivyosomwa, na kwenye magari ya kuazima. Marit aliridhika nayo, mradi yawe yake peke yake.

Sasa akamwona Tegan Lindquist akipiga magoti mbele ya Efrain.

Tegan alikuwa mwanafunzi wa tiba ya michezo. Ndiye aliyewafunga wachezaji bandeji vifundoni kabla ya mechi na kuwabandika barafu baadaye, kwa hiyo kupiga magoti mbele ya mchezaji halikuwa jambo. Jambo lilikuwa mkono. Mkono wa Tegan uliingia shingoni mwa jezi ya Efrain, ukashuka mpaka begani, ukatulia humo. Efrain akamwinamia. Akasogeza mdomo kwenye sikio la yule binti, karibu kabisa na zile nywele zake za rangi ya asali, akanong'ona. Akanong'ona tena. Tegan akatikisa kichwa, na Efrain akamshika kifundo cha mkono kama anayesema usiondoke.

"Mshike tu," Marit alisema peke yake, meno yamekazana. "Mshike vizuri, mwizi mkubwa we."

Hakujua kwamba alikuwa ameigeuza kamera. Hakujua kwamba kidole chake kilikuwa kimebonyeza kitufe cha kuvuta picha karibu, na kilikuwa bado kimebonyeza.

Kisha kengele ikalia.

Kengele ya Solheim ilikuwa kuukuu, ya kanisa lililobomolewa, nayo ililia kwa sababu moja tu, Korongo akivuka mstari. Msimu mzima ilikuwa haijalia. Kijana aliyepewa kamba yake alikuwa amekwenda kununua chokoleti ya moto, akarudi mbio kikombe kikimwagika.

"Amevuka! Vang amevuka!" Alikuwa ni Dewey Pruitt, kocha msaidizi, aliyekuwa pale pale juu ya paa na vidude vyake masikioni. Mtu mzima na kitambi chake alikuwa akiruka kama mtoto. "Marit! Umeona? Umeipata?"

Marit akatazama uwanjani. Kule mwisho kabisa wachezaji walikuwa wamemlundikia Pao Vang, kale kakijana ka mwaka wa kwanza, kembamba kama ufito, na jitu moja la safu ya mbele lilikuwa linalia machozi.

"Nimeipata," alisema, ingawa sasa alijua kamera ilikuwa inatazama benchi.

Mechi ilipokwisha Dewey akachomoa kadi kwenye kamera kama alivyofanya kila wiki, akaibusu, akaitia mfukoni. Marit aliiona ikienda.

Nyumbani jioni Kocha Brekke alikula kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Alijipakulia bakuli la nyama na viazi mara mbili, akazisimulia mbio za Pao kwa chupa za chumvi na pilipili.

"Hapa beki wao. Hapa Vang. Fyuu! Kesho tutaiangalia mpaka ukuta utoboke. Nimefundisha miaka kumi na tisa, Ragna, sijawahi kuifurahia pointi kama hii."

"Na mmefungwa," mkewe alisema.

"Tumefungwa, ndiyo. Usiniharibie chakula."

Mama Ragna akamgeukia binti yake. "Mbona wewe huli? Halafu hebu niambie, yule binti Lindquist anatembea na nani? Juzi nimemwona kwenye gari na Saldana, wanacheka hao!"

Uma wa Marit ulisimama njiani. "Sijui, mama."

"Mambo ya wachezaji wangu na mabinti wa watu hayanihusu," Kocha alisema huku akifuta sahani kwa mkate. "Ili mradi si binti yangu. Mtu niliyemtukana mbele ya wenzake miaka minne, leo aje akae hapa aniite baba? Nitamtazamaje? Na yeye atanitazamaje?"

"Hakuna anayekuja, baba," Marit alisema, na siku hiyo aliamini ni kweli.

Jumapili chumba cha chini kilijaa. Kilinuka soksi na kahawa. Safari hii hakuna aliyejikokota. Hata waliovunjika vidole walikuja. Pao Vang alikaa mbele kabisa na simu yake tayari mkononi.

"Nataka nimrekodie bibi yangu," alimwambia Marit, uso umejaa meno. "Tangu jana hajalala. Anawaambia majirani wote. Asante sana, dada Marit."

Marit alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma kabisa alisimama Tegan, ameegemea mlango. Efrain alikaa safu ya katikati, akamtupia Marit jicho la haraka, lile jicho la siri ambalo siku nyingine lingemyeyusha. Marit akaangalia pembeni. Kamwangalie wako, alisema moyoni.

Taa zikazimwa. Ukutani mpira ukachezwa, mtupaji wa Solheim akarudi hatua mbili tatu nyuma, akainua mkono. Chumba kizima kikashika pumzi.

Picha ikaondoka.

Iliuacha mpira, ikateleza juu ya nyasi, ikafika benchi, ikasogea, ikasogea tena, mpaka ukuta wote ukawa ni watu wawili: Efrain Saldana, na Tegan Lindquist mkono umezama kwenye jezi yake. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, wazi kama mtu yuko chumbani.

"Mshike tu. Mshike vizuri, mwizi mkubwa we."

Kengele ikalia kwa mbali. Sauti ya Dewey: Umeona? Umeipata? Sauti ya Marit: Nimeipata.

Halafu vijana wakalipuka.

"Oooooh!"

"Kumbe! Saldana bwana, unaiba kwa Kocha mwenyewe?"

"Huyu kweli mlinzi! Kalinda mpaka nyumba ya Kocha!"

Penzi ni kikohozi, halifichiki, lakini wengi hukohoa kidogo kidogo. Marit alikohoa mara moja mbele ya wanaume sitini. Alikaa palepale na kuhisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Rudisha nyuma," Kocha alisema.

"Kocha," Dewey alijaribu, "labda tungeendelea na..."

"Rudisha, Dewey."

Ikachezwa tena. Mwizi mkubwa we. Safari hii aliyecheka alicheka kwa woga. Kocha akaagiza sauti itolewe, ikachezwa mara ya tatu bila sauti, na vicheko vikaisha kabisa, kwa maana sasa wote waliona kwamba mzee hakuwa anatazama walichokuwa wanakitazama wao. Kocha Brekke alikuwa mtu wa kusoma mikanda ya mechi. Mke wake alisema angeweza kukosa kuona nyumba inaungua ila akaona mguu wa mlinzi umepinda.

"Simamisha hapo." Akainuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya bega la Efrain lililokuwa kubwa kama meza. "Saldana. Inua mkono wa kushoto."

Efrain akasimama. Akainua wa kulia, akijifanya kukosea.

"Wa kushoto, mwanangu."

Mkono ulifika usawa wa kifua, ukagoma. Uso wake ukawa rangi ya jivu.

"Tangu lini?"

"Tangu mechi ya pili, Kocha."

"Tegan!"

"Bega linatoka mahali pake, Kocha, kila akimkaba mtu vibaya." Tegan alisema bila kutetereka. "Mimi ndiye ninayemrudishia. Alinisihi nisiseme. Jana nilimwambia basi, sitaficha tena, ndipo akanishika hivyo mnavyoona, ananibembeleza nimsitiri wiki moja ya mwisho."

Marit akautazama ukuta upya. Ule mkono uliozama haukuwa unapapasa. Ulikuwa unasukuma mfupa. Na ule mdomo sikioni ulikuwa umekakamaa kwa maumivu, na yeye mwenye macho na kamera hakuona. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wahenga, ila kilio cha Efrain kilikuja kwa mdomo wa mpenzi wake.

"Jumamosi huchezi," Kocha alisema.

"Kocha, ni mechi yangu ya mwisho!"

"Huchezi. Tegan, leta gari, umpeleke hospitali akapigwe picha, leo hii. Wengine nendeni mkale."

Pao Vang aliinua kidole, simu bado mkononi. "Kocha, na mimi je?"

Kocha akamtazama, na sura yake ikalegea. "Wewe ulivuka, mwanangu. Sote tuliona, kasoro mmoja."

Chumba kilipobaki watu wawili, Kocha alikaa kwenye kiti kilicho mbali na binti yake kwa viti kadhaa. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Moja, Marit. Msimu mzima tumepata moja."

"Nisamehe, baba."

"Tangu lini na wewe?"

"Tangu Machi."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi utamwambia wewe. Mimi nimeshapoteza mechi za kutosha mwaka huu." Akavaa kofia. Alipofika mlangoni alisita. "Ni kijana mzuri. Ndiyo maana naumia. Angekuwa mpumbavu ningejua la kufanya."

Marit alipanda ngazi mbili mbili. Efrain alikuwa nje, mgongo ukutani, anasubiri gari. Koti alilivaa upande mmoja tu. Theluji ilikuwa imeanza, ile nyepesi isiyotaka kukaa chini.

"Efrain."

"Usiniite."

"Sikujua kama umeumia."

"Ungejuaje? Ulikuwa unatafuta mwizi." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Marit kuliko kama angepiga kelele. "Mama yangu anakuja Jumamosi. Yuko kiwanda cha nyama kule Kansas, Jumamosi zote ni zamu yake. Miaka minne hajaniona nikicheza hata mara moja. Hata mara moja, Marit! Amebembeleza mpaka wakampa siku. Atapanda basi usiku kucha, aje aniangalie nimekaa benchi kama mzigo."

"Kwa nini ulimwambia yeye ukaacha kuniambia mimi?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

"Ndiyo, ndilo hilo! Miezi yote hii nimekaa na wewe nyuma ya rafu, nimelala juu ya bega hilo hilo, hukusema hata aa! Yeye akajua. Yeye anacheka na wewe garini, yeye anakushika, yeye anajua panapokuuma. Mimi najua nini? Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni binti wa Kocha. Ningekuambia, ungemwambia."

"Nisingemwambia!"

"Umemwonyesha kwenye ukuta mzima."

Efrain akapangusa theluji kwenye nyusi kwa mkono ulio mzima.

"Nijibu moja tu, na usinidanganye. Kama Dewey asingeichukua ile kadi, ungefuta?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa, laini, ungepita bila kugonga popote. "Nisingefuta," Marit alisema. "Nilitaka uaibike. Nilitaka kila mtu aone anavyokushika ili nisiwe mimi peke yangu niliyeona."

Efrain akaguna. Huenda kilikuwa kicheko, huenda ni maumivu ya bega. "Una roho mbaya, mwanamke."

"Najua."

Kisha Efrain akasema taratibu, akitazama mbali, kule uwanjani. "Jumamosi sisi tunaomaliza chuo tunaingia uwanjani kabla ya mechi na wazazi wetu. Unajua. Mkono mmoja mama. Mkono wa pili, kama mtu ana mtu wake, anamshika. Nilikuwa nimepanga uwe wewe. Mbele ya baba yako, mbele ya wote, basi na siri iishe. Hilo hata Tegan sijamwambia. Anacheka tu anaposikia ninavyolitamka jina lako."

Neno la kumjibu lilikuwa moja tu, ndiyo, na lilikuwa jepesi. Lakini wivu una ulimi wake, nao hutangulia.

"Kwa hiyo huwa mnanizungumzia?"

Efrain alimtazama kwa muda. Marit aliona kitu fulani kikizima katika macho yale, na akajua amekizima mwenyewe, kwa pumzi yake mwenyewe.

"Nimechoka, Marit," alisema.

Gari la Tegan lilikuja likasimama kando yao. Efrain akafungua mlango wa mbele, akajikunja akaingia. Alijaribu kuvuta mkanda kwa mkono wa kulia, ukamshinda. Tegan akajinyoosha juu yake, nywele za asali zikamgusa kidevu, akauvuta mkanda mpaka ukabana. Marit aliyaona yote hayo. Hakuna alichokikosa. Kila mfupa ndani yake ulisema geuka, nenda zako, mwache na mganga wake.

Gari likaanza kusogea. Marit akakimbia. Akagonga kioo cha mlango, upande wa Efrain, kwa ngumi. Tegan akakanyaga breki, na kioo kikashuka.

"Ndiyo," Marit alisema, anahema, mbele ya yule yule binti. "Jumamosi. Nimesema ndiyo. Mama yako huku, mimi huku, hata kama baba atanifukuza. Na mkono huo sitaushika, nitashika koti. Na bado naumwa wivu, Efrain, sijapona, ninavyokuambia hapa nataka kumng'oa huyu nywele."

"Nasikia," Tegan alisema.

"Usikie tu. Na asante kwa kumrudishia bega."

Efrain alikuwa amefumba macho. Theluji iliingia dirishani ikamwangukia kwenye paja, naye hakuipangusa. Marit alisubiri, vidole vimeshika ukingo wa kioo.

"Panda nyuma," Efrain alisema.

Nyuma kulijaa ndoo za barafu, magongo na mifuko ya bandeji. Marit akasukuma vitu, akajibana katikati, magoti yakamfika kidevuni. Mbele yake vichwa viwili vilikaa bega kwa bega, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa ndefu. Alivuta mlango, akaufunga.